Mwili Darasani: Jinsi Viungo Vilivyorejea katika Mafunzo ya Muziki ya Watoto

Yeyote aliyewahi kumtazama mtoto wa miaka mitatu pale ngoma inapolia mtaani anajua kwamba masikio yake hayatangulii viungo vyake: goti hukunjika, kichwa huitikia, na mikono hupanda na kushuka kabla mtoto mwenyewe hajajua jina la kitu anachokisikia. La ajabu si hilo. La ajabu ni kwamba katika Ulaya ya karne ya kumi na tisa, bara lililojifaharisha kwa Bach na Beethoven, mafunzo ya muziki yalikuwa yamefikia kuihesabu harakati hiyo kuwa utovu wa adabu, hata ikambidi maalimu mmoja wa Uswisi atumie zaidi ya nusu ya umri wake kuirudisha darasani, akipingwa na wakuu wa chuo chake, akishukiwa na wacha Mungu wa mji wake, na mwishowe akinyang'anywa na vita jengo lililokuwa limejengwa kwa ajili yake.

Kabla ya 1892: Vidole pasipo mwili

Sababu za kufukuzwa kwa mwili zilikuwa nyingi, na si zote mbaya. Vyuo vya muziki vya Ulaya, ambavyo kile cha Paris kilichoasisiwa mwaka 1795 kilikuwa kielelezo chao, viliundwa ili kutoa wapigaji na waimbaji wa kupanda jukwaani, na mpigaji wa jukwaani alihitaji vidole vyepesi kuliko kitu kingine chochote. Kisha piano, ambayo hapo awali ilikuwa ala ya matajiri, ikaanza kuundwa viwandani kwa wingi, ikaingia katika sebule za watu wa kadiri, na pamoja nayo vikaingia vitabu vya mazoezi ya vidole, ambavyo mtoto alipaswa kuvirudia saa nzima ameketi wima, viwiko vimebanwa, macho hayabanduki kwenye karatasi. Kujua muziki kukawa ni kujua kusoma nota na kubonyeza; kusikia kulidhaniwa kutakuja kwenyewe.

Walikuwako waliosema kinyume. Jean-Jacques Rousseau, mwana wa Geneva, alikwisha kuhimiza kwamba mtoto afundishwe kwa hisi zake kabla ya vitabu. Johann Heinrich Pestalozzi, Mswisi wa Zürich, aliifanya rai hiyo kuwa njia ya kufundishia. Na Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua huko Blankenburg mwaka 1837 shule iliyozaa chekechea zote tulizo nazo leo, aliandika kitabu cha nyimbo za mama za kumchezeshea mtoto vidole na viungo. Lakini mambo hayo yalihesabiwa kuwa ni michezo ya wadogo tu. Maalimu wa muziki hakuyatazama, na maalimu wa chekechea hakuthubutu kuyaita muziki.

1865–1892: Kutoka Vienna hadi Algiers

Émile Jaques, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Jaques-Dalcroze, alizaliwa Vienna tarehe 6 Julai 1865, wazazi wake wakiwa Waswisi. Baba alikuwa wakala wa biashara ya saa, na mama, Julie Jaunin, alikuwa mwalimu wa muziki aliyezijua vyema rai za Pestalozzi. Mwaka 1875 familia ile ilihamia Geneva. Kijana akasoma huko, akasoma Paris, akarudi Vienna kwa Anton Bruckner, ambaye hawakupatana. Hizo ni safari za kawaida za mwanafunzi wa muziki wa zama zile, wala hazina haja ya kutuchelewesha.

Linalotuhusu ni la mwaka 1886, alipovuka bahari kwenda Algiers kuwa msaidizi wa kiongozi wa okestra katika jumba moja la michezo ya kuigiza. Kazi yenyewe haikuwa na uzito mkubwa, ila mji ulikuwa na mengi. Huko alisikia muziki wa Waarabu, wenye midundo isiyokubali kugawanyika katika zile mbili na tatu alizolelewa nazo, na akawaona wapigaji walioishika midundo hiyo bila karatasi, bila kiongozi wa kupunga kijiti mbele yao, na bila kupotezana. Wengi wanaoandika habari za maisha yake huipita Algiers kwa sentensi mbili wakakimbilia Geneva. Mimi naona wanaharakisha mno, kwani mtu aliyelelewa kuamini kwamba mdundo ni hesabu iliyoandikwa hawezi kukaa msimu mzima mahali ambapo mdundo unakaa katika mabega ya watu, kisha akarudi kwao vile vile alivyotoka. Aliporejea Paris alimkuta Mathis Lussy, Mswisi mwenziwe, aliyekuwa ameandika juu ya mdundo na namna unavyozaa hisia katika muziki. Basi yale aliyoyaona kwa macho yakapata hoja ya kuyashika.

1892–1906: Darasa la wasiosikia

Mwaka 1892 Chuo cha Muziki cha Geneva kilimpa kazi ya kufundisha upatanisho wa sauti. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliokwisha kufaulu mitihani mingi, na haukupita muda kabla hajagundua aibu iliyofichika nyuma ya mitihani hiyo: waliweza kuandika sauti nne zilizopangwa kwa kanuni zote, pasipo kosa, ilhali hawakuwa na habari yoyote ya namna zitakavyosikika, kama karani anayenakili barua ya lugha asiyoifahamu. Akaanza kuwapa mazoezi ya masikio, ya kuimba kwa majina ya sauti na kutambua vipande kwa kusikia tu. Masikio yakanoleka. Lakini lilibaki tatizo la pili, nalo lilikuwa gumu zaidi: wengine walioitambua kila sauti hawakuweza kuishika mizani, wakienda mbio palipotakiwa utulivu na kukokota palipotakiwa wepesi.

Hapo ndipo alipoacha kuyasikiliza makosa yao akaanza kuwatazama. Akaona kwamba walipoimba kwa raha, bila kujua, walikuwa wakipiga nyayo sakafuni, wakitikisa vichwa, na miili yao ikiinuka pamoja na sauti inapopanda. Akaona pia jambo lililomshughulisha miaka mingi: mwanafunzi asiyeweza kabisa kushika mapigo katika wimbo alikuwa akitembea barabarani kwa hatua zilizo sawasawa, wala hazikosei. Kumbe mapigo alikuwa nayo, ila hayakuwa na njia ya kutoka miguuni yakafika katika muziki. Jaques-Dalcroze akakata shauri kwamba kasoro haikuwa ya akili wala ya sikio, bali ya njia iliyo baina ya ubongo na misuli, na kwamba njia hiyo hufunguka kwa kutembea, kusimama, kukimbia na kupumua, haifunguki kwa maelezo hata yakiwa mazuri namna gani.

Akawainua vitini. Na kwa kuwa aliona watu wazima wamekwisha kukomaa katika ukakamavu wao, akaanza kuwatafuta watoto, ambao viungo vyao vilikuwa havijafundishwa haya. Wakuu wa Chuo hawakulipokea jambo hilo, na ilimlazimu kutafuta kumbi nje ya Chuo. Tena ukazuka mzozo wa mavazi. Mtu hawezi kusikia sakafu akiwa amevaa viatu vya kisigino, wala kuinua mkono akiwa amebanwa na kaja ya mifupa ya nyangumi. Kwa hiyo wanafunzi wa kike walivua viatu, wakavaa nguo fupi zilizoacha mikono wazi. Geneva ni mji wa Calvin. Maneno yalisemwa, na wazazi wengine waliwaondoa mabinti zao. Ukizipima sababu zilizochelewesha mafunzo haya, nathubutu kusema kwamba miguu mitupu ilileta upinzani mwingi kuliko hoja yoyote ya elimu.

Hata hivyo alipata marafiki wawili waliomfaa. Nina Gorter, mwanamke wa Kiholanzi, alimsaidia kuyapanga mazoezi yaliyokuwa yakimwagika ovyo kutoka kichwani mwake. Na Édouard Claparède, mwanasaikolojia wa Geneva, alimthibitishia kwamba aliyoyafikia kwa njia ya muziki yalikutana na yale ambayo sayansi ya nafsi ilikuwa ikiyafikia kwa njia nyingine. Mwaka 1905, katika tamasha la wanamuziki wa Uswisi mjini Solothurn, aliwaonyesha hadhara kazi ya wanafunzi wake, na walimu waliokuwapo waliondoka wakiulizana. Mwaka uliofuata akafungua kozi yake ya kwanza ya walimu, akachapisha maelezo ya njia yake, ambayo aliiita gimnastiki ya mdundo, na ambayo kwa Kifaransa imebaki kuitwa rithimiki.

Somo lenyewe

Chumba ni kipana, sakafu ni ya mbao, na viti havimo. Maalimu ameketi kwenye piano, wala hana kitabu mbele yake, kwa kuwa anachokipiga anakitunga papo hapo akiwatazama watoto. Akipiga nota za robo, watoto wanatembea, hatua moja kwa kila pigo. Akizigawa kila moja mara mbili, wanakimbia. Akipiga nota ya nusu, mtoto anakanyaga mara moja kisha anakunja goti, ili urefu wa sauti usikike katika paja badala ya kuhesabiwa kwa midomo. Miguu ikishazoea, mikono inapewa kazi yake: inaonyesha kipimo, cha mbili, cha tatu au cha nne, hali miguu inakwenda mdundo ulio mbali kabisa na huo. Kisha ghafla maalimu anapaza sauti, "Hop!", na kwa neno hilo kila mtoto anapaswa kubadili mwendo, ama kusimama, ama kwenda kinyumenyume, ama kuongeza kasi maradufu, kwa kadiri walivyoagana. Asiyesikia anaonekana, wala hakuna haja ya kumkemea, maana wenziwe wamekwisha kugeuka naye angali anakwenda.

Zoezi gumu kuliko yote ni lile la kufuatia. Maalimu anapiga kipimo kimoja, watoto wanasikiliza; anapiga cha pili, nao sasa wanatembea kile cha kwanza; anapiga cha tatu, wanatembea cha pili; na hivyo hivyo bila kituo, miguu ikitoa kilichopita huku masikio yakipokea kinachokuja. Anayeacha fikira zake zipotee kidogo tu hukikosa hiki na kile. Nimeona watu wazima wenye shahada zao wakishindwa kupita kipimo cha nne.

Jaques-Dalcroze alisisitiza daima kwamba hii si dansi, wala haikusudiwi kutazamwa. Harakati ilikuwa sehemu moja tu ya mafunzo. Ya pili ilikuwa kuimba kwa sikio, na ya tatu kutunga papo hapo. Watu waliokuja kutazama hawakumwamini, kwa sababu walichokiona kilikuwa kizuri mno, na uzuri huo ndio uliomletea bahati yake kubwa na msiba wake pia.

1909–1914: Hellerau

Karibu na Dresden, Ujerumani, mtengeneza samani Karl Schmidt alikuwa akijenga kuanzia mwaka 1909 kitongoji kipya kiitwacho Hellerau, chenye nyumba na bustani kwa ajili ya wafanyakazi wa karakana zake. Mwenziwe katika shughuli hiyo alikuwa Wolf Dohrn, mtoto wa yule Anton Dohrn aliyeasisi kituo mashuhuri cha elimu ya viumbe vya bahari huko Naples. Dohrn kijana aliliona onyesho la Jaques-Dalcroze, na likamteka kiasi cha kuamini kwamba mdundo ungeweza kufanywa msingi wa maisha ya mji mzima, si wa shule peke yake. Akamwita maalimu kutoka Geneva, akaahidi jengo, na ahadi akaitimiza.

Jengo lile, lililochorwa na Heinrich Tessenow, lilianza kujengwa mwaka 1911. Halikuwa na mapambo. Ukumbi wake haukuwa na jukwaa lililoinuliwa wala pazia la kuwatenga wachezaji na watazamaji. Adolphe Appia, Mswisi aliyekuwa na rai zake juu ya nuru na nafasi katika michezo ya kuigiza, alisaidia kuufikiri, na Alexander von Salzmann akaweka maelfu ya taa nyuma ya vitambaa vyeupe vilivyofunika kuta na dari, hata nuru ikawa haionekani inakotoka. Humo wanafunzi wa mataifa mengi walijifunza asubuhi, na watoto wa wafanyakazi wa Hellerau nao walikuwa na masomo yao. Hilo la pili husahauliwa na waandishi wengi, ambao hukumbuka matamasha peke yake.

Matamasha yalikuwa mawili, mwaka 1912 na mwaka 1913, na katika yote mawili ilionyeshwa opera ya Gluck ya Orpheus. Ulaya yote ya sanaa ilimiminika. George Bernard Shaw alikuja. Sergei Diaghilev alikuja na mchezaji wake Nijinsky, akaondoka na mwanafunzi mmoja, Marie Rambert, ili amsaidie Nijinsky kuufahamu mdundo mgumu wa Stravinsky katika kazi iliyozua ghasia Paris mwezi Mei 1913. Mwanafunzi mwingine, Mary Wigman, aliondoka kwa sababu iliyo kinyume: aliona mwili umefanywa mtumwa wa piano, naye alitaka mwili useme wenyewe. Kwa njia hiyo shule iliyoanzishwa ili watoto wasikie muziki ikawa inajulikana kwa wachezaji wa dansi, na walimu wa muziki wakapata udhuru wa kusema kwamba jambo hili haliwahusu.

Mapema mwaka 1914 Wolf Dohrn alikufa kwa ajali akiteleza juu ya theluji milimani. Mwezi Agosti vita vikaanza. Mwezi Septemba mizinga ya Wajerumani ilipiga kanisa kuu la Reims, na Jaques-Dalcroze, aliyekuwa Geneva, akatia sahihi yake pamoja na Waswisi wengine katika tamko la kulaani kitendo hicho. Magazeti ya Ujerumani yakamgeukia. Hakurudi tena Hellerau kufundisha. Jengo lilipita mikononi mwa watu wengi. Shule iliyobaki humo ilihamia Laxenburg karibu na Vienna mwaka 1925, na baada ya Vita vya Pili jeshi la Kisovieti lilikaa katika jengo lile la Hellerau miongo kadhaa.

1915–1950: Kutawanyika

Msiba wa Hellerau ulikuwa na faida moja: uliwatawanya wanafunzi. London ilikwisha kuwa na shule yake tangu mwaka 1913, iliyoanzishwa na Percy Ingham; Barcelona ilikuwa na ya Joan Llongueras; Marekani nayo ikapata walimu wake wa kwanza. Mwaka 1915 marafiki wa Geneva walimfungulia Jaques-Dalcroze taasisi yenye jina lake katika mtaa wa Terrassière, ambayo ipo hadi leo, na katika miaka ya 1920 rithimiki ikaingia katika shule za msingi za serikali za mji ule ule uliowahi kuchukizwa na miguu mitupu.

Pamoja na hayo njia yake ilienea polepole, na sababu naiona iko wazi. Mwenyewe hakutaka iandikwe kama kitabu cha mapishi. Alimtaka mwalimu aweze kutunga kwenye piano papo hapo, amtazame mtoto mmoja mmoja huku anapiga, na awe amepita mwilini mwake kila zoezi analolitoa. Tena alichunga sana nani apewe idhini ya kufundisha kwa jina lake. Mwalimu wa namna hiyo hapatikani kwa kozi ya likizo. Uaminifu huo uliilinda kazi isiharibike, na uaminifu huo huo uliifungia katika miji michache iliyokuwa na mali.

Palipopatikana mwalimu wa kweli, mambo makubwa yalitendeka kimya. Mfano bora ni Mimi Scheiblauer wa Zürich, mwanafunzi wa Hellerau, aliyeipeleka rithimiki kwa watoto ambao shule za wakati huo hazikuwataka: viziwi, na wenye ulemavu wa akili. Mtoto kiziwi aliweza kusimama na kuupokea mtetemo wa ngoma kwa mwili, kisha akaurudisha kwa hatua zake. Filamu iliyotengenezwa mwaka 1966 juu ya msichana aitwaye Ursula na kazi ya Scheiblauer iliwafanya Waswisi wengi waulize upya ni nani anayeweza kufundishwa. Scheiblauer alifariki mwaka 1968. Maalimu wake alikuwa amemtangulia tarehe 1 Julai 1950, huko Geneva, akiwa karibu kutimiza miaka 85.

1924–1963: Marimba za Munich

Mfereji wa pili ulichimbwa Munich. Mwaka 1924 Dorothee Günther alifungua shule ya gimnastiki na dansi kwa wasichana, na mtungaji kijana Carl Orff akashika upande wa muziki. Orff alikuwa amemwona Mary Wigman akicheza, na kwa njia hiyo cheche ya Hellerau ilimfikia bila yeye kupita Hellerau. Lakini aliigeuza hoja. Kwa Jaques-Dalcroze, muziki ulitoka kwenye piano ya mwalimu, na mtoto akauitikia kwa mwili. Orff alitaka mchezaji na mpigaji wawe mtu mmoja, na muziki utoke katika mwili wenyewe, kwa makofi, vishindo vya miguu, na kupiga mapaja, kisha uhamie kwenye ngoma na marimba.

Marimba hizo zina asili inayotuhusu. Kielelezo kilichomwamsha Orff kilikuwa marimba za Kiafrika zilizomfikia Ujerumani. Fundi wa ala Karl Maendler akaunda kwa mfano wa marimba hizo, na kwa mifano mingine, ala ndogo zenye vipande vinavyoweza kuondolewa, hivi kwamba mtoto aliye mbele ya sauti tano tu hawezi kukosea sana. Gunild Keetman, mwanafunzi aliyekuja kuwa mwenziwe wa kazi, ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya vipande vya kupigwa. Shule ilifungwa na watawala wa Kinazi mwaka 1944, na mwaka 1945 mabomu yakaichoma pamoja na ala zake.

Ingeishia hapo, lau Redio ya Bavaria isingemwomba Orff mwaka 1948 atayarishe vipindi vya watoto wa shule. Vipindi vikapendwa mno, shule zikaagiza ala, na kati ya mwaka 1950 na 1954 vikachapishwa vitabu vitano vilivyotafsiriwa baadaye katika lugha nyingi. Lakini angalia kejeli ya jambo lenyewe: redio haionyeshi mwili. Njia iliyozaliwa katika chumba cha dansi iliingia katika maskani ya watu ikiwa sauti tupu, na walimu wengi waliinunua marimba, wakawaketisha watoto nyuma yake, wakadhani wamemaliza. Keetman aliiona hatari hiyo mapema, na kuanzia mwaka 1949 akafundisha darasa la watoto Salzburg, katika chuo cha Mozarteum, ambapo harakati zilirudishwa mahali pake. Taasisi ya kufundishia walimu wa njia hiyo ilianzishwa huko mwaka 1961, ikapata jengo lake mwaka 1963, na wageni wake wametoka katika kila bara.

Upande wetu wa bahari

Miaka ile ile ambayo Geneva ilikuwa ikimvua mtoto viatu, shule za misheni za Afrika ya Mashariki zilikuwa zikimvisha. Wamisionari wengi walileta nyenzo ya Kiingereza ya do-re-mi, iliyotengenezwa na John Curwen kutokana na kazi ya Sarah Glover wa Norwich, nayo kwa haki ilikuwa nyenzo njema: iliwawezesha watoto wasio na piano kuimba kwa sauti nne. Ila ilikuja pamoja na amri ya kusimama wima na mikono ubavuni, na katika misheni nyingi ngoma zilikatazwa kwa Mkristo. Sikatai kwamba kwaya zilizotoka humo ni fahari yetu. Nasema tu kwamba kile ambacho Ulaya ilikuwa imeanza kukijutia kililetwa kwetu kikiwa kipya.

Watu hawakukubali kwa urahisi. Miaka ya 1890, Mombasa na Lamu, vijana walitwaa tarumbeta na kwaride za wazungu, wakazifanya beni, ngoma ambayo ilisambaa hadi bara, na ndani yake nidhamu ya jeshi ikageuka kuwa mashindano ya madaha. Katika upande wa dini, Maulidi ya Homu ya Unguja yaliendelea kusomwa safu nzima ikiwa imepiga magoti, vifua na mikono vikiyumba pamoja na dufu; na kitoto cha chuoni kiliendelea kujifunza kwa kuwayawaya, kimegusana bega na mwenziwe. Watoto uani waliucheza ukuti bila kumwomba mtu ruhusa.

Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza Bungeni akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Julius Nyerere alilitaja jambo hili waziwazi. Alisema juu ya wasomi waliofundishwa kuona ngoma zao ni ushenzi, waliojua dansi za wageni na wasiojua gombe sugu, mangala au lelemama, na akatangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Matunda yalionekana zaidi kwa watu wazima: vikundi vya taifa, kisha chuo cha sanaa cha Bagamoyo cha mwaka 1981, ambako muziki, ngoma na maigizo vilifundishwa pamoja. Darasa la mtoto wa miaka mitano lilinufaika kidogo. Ngoma iliingia shuleni kama onyesho la kumpokea mgeni rasmi, mara chache kama njia ya kumfundishia mtoto kusikia. Na mpigaji ngoma wa mtaani, ambaye ndiye pekee kati yetu mwenye ustadi ule Jaques-Dalcroze alioutaka, wa kutunga papo hapo akiwatazama wachezao, hakuitwa kuwafundisha walimu.

Baada ya 2000: Mizani ya maabara

Kwa karne moja walimu hawa walisema bila kuweza kuthibitisha. Mwaka 2005, katika jarida la Science, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walieleza jaribio lililofanywa kwa vichanga vya miezi saba. Kila kichanga kilisikilizishwa kwa dakika mbili mdundo mmoja usio na pigo la mkazo, hivyo haikujulikana kama ni wa mbili au wa tatu. Vingine vilirushwarushwa mikononi kwa kila pigo la pili, vingine kwa kila la tatu. Baadaye viliposikilizishwa midundo yenye mkazo, kila kichanga kilipendelea kusikiliza ule uliolingana na jinsi kilivyorushwa. Vilivyofungwa macho vilifanya vivyo hivyo. Vile ambavyo vilimtazama tu mtu mwingine akirukaruka, vyenyewe vikiwa vimetulia, havikuonyesha upendeleo wowote. Mama aliyembeba mwanawe kwa mbeleko akatwanga haambiwi kitu kipya hapa, lakini mwalimu wa muziki anaambiwa: mwili usiposhiriki, macho hayatoshi.

Mwaka huo huo madaktari wa Uswisi walichapisha habari za wanawake wazee waliofanya rithimiki miaka mingi, ambao hatua zao hazikuyumba walipopewa kazi nyingine ya akili huku wakitembea. Ikafuata Geneva, ambako Andrea Trombetti na wenziwe waliwachukua watu 134 wenye umri wa zaidi ya miaka 65 walioishi majumbani kwao na kuhofiwa kuanguka. Nusu yao walipewa somo la saa moja kila wiki kwa miezi sita, mpigaji akitunga kwenye piano nao wakigeuza mwendo kwa kufuata muziki. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba waliohudhuria walianguka mara chache kuliko waliongoja. Na waliongoja, miezi sita ilipokwisha, waliingia darasani kwa zamu yao.